Umepitiwa Kidogo, Mwalimu

Jua likishakaa katikati ya mbingu likawa halina haraka ya kwenda popote, saluni yangu hulala na watu ndani. Feni inazunguka polepole, pazia la mlangoni linavuta pumzi na kuitoa, na mteja niliyemshika kichwa ananilegea mikononi mpaka nasuka nikiwa nimemwegemeza tumboni kama mtoto mchanga. Hapo ndipo maneno matamu yanapotoka. Mtu aliye nusu usingizini hana kufuli mdomoni. Habari zote za mtaa huu nimezipata kupitia utosi wa watu.

Saluni ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Huko nyuma tunaishi mimi, mama yangu mzazi, mdogo wangu na binti yake, pamoja na yeyote aliyepita kusalimia akanogewa. Huyo binti yuko darasa la tatu, na mtaa mzima unamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kunyamaza, labda akiwa amelala, na hata hapo midomo inacheza.

Basi mchana mmoja Chiriku akaingia na begi mgongoni, soksi moja juu moja chini.

"Mama Mkubwa, pweza ana mioyo mitatu. Kweli au uongo?"

"Anza na salamu, wewe."

"Shikamoo. Pweza ana mioyo mitatu, kweli au uongo?"

Niliyekuwa namsuka ni Mama Mapacha, mteja wangu wa miaka yote, mwenye nywele nyingi na maneno kuzidi nywele. Akafumbua jicho moja. "Uongo huo. Mitatu ya nini? Mimi huu mmoja tu unanitesa."

"Ni kweli!" Chiriku akaruka. "Anayo mitatu, na damu yake ni ya bluu!"

Feni ikazunguka mizunguko yake. Mama Mapacha akafumba tena lile jicho. "Sasa huyo pweza akipenda," akauliza kwa sauti ya mtu anayezama, "anapendea upi?"

"Mmoja wa mume," nikamjibu, "mmoja wa watoto, na wa tatu kaufunga, haonyeshi mtu."

"Huo wa tatu ndio ninaoutaka," akasema Mama Mapacha, na akalala kabisa.

Hivyo ndivyo mchezo ulivyoingia nyumbani kwetu. Chiriku akatueleza, mikono ikienda kasi kuliko mdomo, kwamba Ijumaa kutakuwa na mashindano shuleni. Mwalimu wa sayansi atasema jambo, mtoto atasimama mbele ya wazazi na kujibu neno moja tu, kweli au uongo. Ukikosea unakaa. Atakayebaki peke yake amesimama ndiye atakayekabidhiwa kengele ya shule, ile ya shaba ya kushika mkononi, aipige asubuhi na mapumziko muhula mzima.

"Hakuna zawadi?" nikauliza. "Hata kalamu?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama jua linanyoa ndevu. "Mama Mkubwa. Kengele."

Na hapo ndipo nilipoelewa, mikono ikasimama kwenye nywele za watu.

Mdogo wangu ni dobi wa hospitali. Anafua mashuka ya wagonjwa. Anatoka nyumbani kabla mtoto hajaamka na anarudi mtoto ameshalala, na siku akipewa mapumziko hushinda kitandani kama gunia lililoshushwa, Chiriku kando yake akimtazama usoni na kumsimulia habari za shule kwa kunong'ona, asimwamshe. Wakati mwingine mtoto huyu humjua mama yake kwa harufu tu: anaamka, anapeleka pua kwenye mto wa pili, anasikia sabuni, basi anajua mama alikuja.

Sasa shule na hospitali zimepakana. Katikati kuna ukuta, na nyuma ya ukuta huo ndipo uwanja wa kuanikia. Ukikaa darasani karibu na dirisha, upepo ukipiga, unaona mashuka yanainua vichwa juu ya ukuta, meupe, halafu yanazama. Chiriku hamwoni mama. Anaona kazi ya mama.

"Nikipiga kengele atasikia," Chiriku alisema. "Atajua ni mimi. Lakini msimwambie! Nataka ajue mwenyewe."

Kunipa mimi siri ni sawa na kumpa paka samaki akutunzie. Lakini niliapa.

Kuanzia siku hiyo saluni ikawa haisinzii bila swali. Mteja akiingia, kabla hajakaa, anaulizwa kama samaki hulala macho wazi. Chiriku alikuwa ameyaazima mambo hayo kwenye kitabu cha darasani, kwa mwalimu, kwenye redio ya jirani, na kila moja lilipodondoka pale kwenye sakafu yenye nywele lilikuwa kama limetoka nchi nyingine. Nyuki akiona maua mazuri, anarudi mzingani anawachezea wenzake ngoma, na kwa ngoma hiyo wanajua waende upande gani: kweli. Kuna sayari ambayo siku yake moja ni ndefu kuliko mwaka wake: kweli. Mama mmoja aliyekuja kuosha nywele alikaa na povu kichwani akiiwaza hiyo sayari mpaka povu likakauka. "Huko," akasema mwishowe, "ukimwambia mtu njoo kesho, umemfukuza."

Tatizo lilianzia kwa Bibi.

Bibi, yaani mama yangu, ana kiti chake pale pembeni ya mlango. Kazi yake ni kukaa, kuona nani kapita na nani, na kupitiwa na usingizi. Anapitiwa katikati ya sentensi, na akizinduka anaiendeleza sentensi palepale alipoiachia. Jumanne hiyo alizinduka akakuta tunazungumzia popo.

"Popo," akasema, "ni ndege wa usiku."

"Uongo!" Chiriku akapiga kelele, kidole juu, furaha imemjaa.

Jamani. Hata feni ilikata pumzi. Mama Mapacha, aliyekuwa amekuja kuazima kitana lakini amekaa tangu asubuhi, alishika mdomo.

"Umesemaje?" Bibi akauliza, taratibu. Bibi akikasirika hapandi, anashuka.

"Popo si ndege, Bibi, ananyonyesha…"

"Nimeuliza umesemaje. Mimi muongo?"

"Sijasema muongo, nimesema uongo. Ni mchezo, Bibi."

"Aliyesema uongo anaitwaje?"

Chiriku akatafuta njia ya kupita, hakuiona. "Muongo," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi. Katika nyumba hii mtoto hamwambii mtu mzima uongo. Mimi sikumwambia mama yangu, huyu Mama Mkubwa wako hakuniambia mimi, na mama yako huko aliko hajawahi."

Mimi nilikuwa nimewahi, tena kwa sauti, lakini haikuwa saa ya kulitaja hilo.

"Sasa nitajibuje, Bibi? Kama jambo si kweli?"

Bibi akafikiri. Alifikiri kwa muda mpaka tukadhani amelala. Kisha akasema, "Mtu mzima hasemi uongo. Mtu mzima hupitiwa. Ukiona nimekosea, niambie kwa adabu: umepitiwa kidogo, Bibi."

Kwa hiyo mchezo wetu ukabadilika. Ukisema mwezi una mwanga wake wenyewe, Chiriku anainamisha kichwa na kukwambia, "Umepitiwa kidogo, Mama Mkubwa." Watu wakalipenda. Wateja wakaanza kukosea makusudi ili waambiwe. Mtaani nako likaenea: muuza mboga akizidisha bei, anaambiwa amepitiwa kidogo, mume akichelewa kurudi, amepitiwa kidogo. Na Bibi kitini pake akitabasamu usingizini, kwa kuwa kaleta ustaarabu.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeiwaza Ijumaa. Kweli, tulikuwa tumepitiwa.

Siku yenyewe nilifunga saluni, nikamvisha Bibi nguo yake ya kutokea, tukaenda. Darasa kubwa, madawati yamesogezwa ukutani, wazazi tumejipanga nyuma. Mama Mapacha alikuwa mbele yangu na kichwa nilichokisuka mwenyewe, maana pacha wake mmoja, yule wa miwani, naye alikuwa anashindana. Tukapigana vijembe vya kawaida.

"Wa kwako amelala vizuri?"

"Wa kwangu hahitaji usingizi, ana akili."

Mwalimu wa sayansi ni kijana mrefu, mpole, mwenye macho mekundu ya kusahihisha madaftari. Akasoma, watoto wakajibu, mmoja baada ya mwingine wakakaa. Chiriku akapewa pweza: "Kweli!" Akapewa ile sayari: "Kweli!" Akapewa nyuki: "Kweli!" Bahati ilikuwa imemshika mkono; mambo yote aliyoulizwa yalikuwa kweli tupu. Dirisha lilikuwa wazi, na kila alipojibu aliangalia nje kidogo, kule kwenye ukuta, ambako mashuka yalikuwa yanapanda na kushuka bila sauti.

Wakabaki wawili, yeye na pacha wa miwani. Mwalimu akamgeukia pacha.

"Mwezi una mwanga wake wenyewe."

"Kweli," akasema pacha, haraka mno. Akalijua kosa lake mwenyewe, mdomo ulipokwisha kufunguka. Akakaa, miwani ikaingia ukungu, na Mama Mapacha mbele yangu akasonya mpaka nywele zikatikisika.

Sasa ilikuwa hivi: Chiriku akijibu lake sawasawa, kengele ni yake. Akikosea, pacha anasimama tena, wanaanza upya.

"Mbuni akiogopa," mwalimu akasoma, "huficha kichwa chake mchangani."

Nilimwona mtoto anafungua mdomo. Jibu alikuwa nalo, Jumatano alinisumbua nalo nikiwa naunguza wali. Akanyoosha mgongo, akainamisha kichwa kwa adabu zote za nyumbani kwetu, akasema:

"Umepitiwa kidogo, mwalimu."

Darasa likapasuka. Watoto walicheka mpaka wengine wakateleza kwenye madawati, na sisi wazazi hatukuelewa kwa nini kiasi hicho, mpaka baadaye tulipopata habari kwamba mwalimu yule alikuwa amesinzia mezani wiki ileile, darasa zima likakaa kimya likimwonea huruma, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Mwalimu akaona aibu mpaka masikioni. "Mimi sijapitiwa na usingizi," akasema. "Niko macho kabisa. Jibu ni kweli, au ni uongo. Neno moja."

Chiriku akanyamaza.

Ninyi hamumjui Chiriku, kwa hiyo hamwezi kujua kimya hicho kilikuwaje. Kilikuwa kama redio iliyozimwa katikati ya wimbo. Midomo ilikuwa inaanza lile neno, inaliacha. Alimtazama mwalimu, mtu mzima, amevaa shati la kufungwa mpaka shingoni. Akamtazama Bibi. Akatazama dirishani.

"Mtoto, unajua au hujui?"

Akaivuta soksi moja juu.

"Nikihesabu mpaka kumi…"

Hapo Bibi akasimama. Sikumwona akiinuka, nilihisi tu upepo wa nguo yake.

"Mwambie uongo, mjukuu wangu!"

Watu wakageuka. Mwalimu akashusha karatasi. "Mama… unamwambia mtoto aniambie mimi uongo?"

"Ndiyo! Akwambie uongo, hapohapo, usoni!"

"Mbele ya darasa?"

"Mbele ya wote! Nimempa ruhusa!" Akaona jinsi watu wanavyomtazama, akajikuta alipo. Sauti ikashuka. "Mwanangu, mwalimu, kosa si lake. Ni mimi nimemkataza hilo neno. Kwetu mtoto hamwambii mkubwa… Nilidhani ni adabu ya kila mahali."

Mwalimu alimtazama Bibi, akamtazama Chiriku, na kicheko kikamtoka taratibu, kikamlainisha uso wote. Lakini Mama Mapacha alishasimama, na sikumlaumu, ningekuwa mimi ningesimama juu ya dawati. "Bibi kamtajia jibu! Sote tumesikia. Hilo halihesabiki!"

"Halihesabiki," mwalimu akakubali. "Atapewa jingine. Na tafadhali, Mama, ukae."

Bibi akakaa. Mwalimu akapekua karatasi zake. Nje upepo ulikuwa umeongezeka, na mwanga wa mchana uliingia mwingi, mweupe, ukawakalia watoto vichwani na mabegani mpaka darasa lote likawa kama linaelea.

"Mchana," mwalimu akasoma, "nyota huwa hazipo angani."

Na Bibi, ambaye masikio yamempungua na haijui tena sauti yake ya kunong'ona, akaniambia akidhani ananiambia mimi peke yangu: "Hilo rahisi. Kweli. Mchana zitatoka wapi?"

Darasa zima lilisikia.

Kwa hiyo mtoto wangu alikuwa amesimama pale na wakubwa wawili mbele yake, mmoja aliyesema kwa sababu ya mchezo na mmoja aliyesema kwa kuamini, na ruhusa aliyopewa ilikuwa bado na joto la mfuko ilimotoka. Aligeuka akamtazama Bibi, si kwa kuomba msaada, ila kama mtu anayeomba kupishwa mlangoni. Halafu akatazama nje. Shuka moja lilijaa upepo likapanda juu ya ukuta, likakaa hapo muda mrefu kuliko mengine.

"Uongo," akasema.

Hakupiga kelele. Alilisema kama unavyokitua kikombe kilichojaa.

Na kwa kuwa ni Chiriku, akaendelea. "Zipo. Mchana mwanga ni mwingi, ndiyo maana hatuzioni. Lakini zipo kazini tu, zilezile, hapohapo juu."

Hakuna aliyecheka. Nikasikia Mama Mapacha akivuta kamasi. Mwalimu alikuwa anatabasamu na karatasi yake, na kando yangu Bibi alikuwa ameinua uso juu, kwenye dari, kana kwamba anaona kupita bati.

"Kumbe," akasema. "Basi nimepitiwa."

Sasa niambieni mtu kama mimi alivyoishi na siri ya kengele ile kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu, siku ambayo Chiriku angeanza kuipiga. Mdogo wangu alirudi usiku, nikamwambia habari za ndoa ya jirani. Akatoka alfajiri, nikamwambia habari za mbwa. Niliyaongea mengine yote, hata yasiyokuwepo, ili lile moja lisipate nafasi ya kupenya. Akaniuliza kama ninaumwa.

Jumatatu nilimfichia chakula chake makusudi. Akaondoka bila chakula, nikangoja kukuche vizuri, nikaukata mji mzima kwa miguu na kopo mkononi mpaka lango la nyuma la hospitali. "Namletea dada dobi, kasahau," nikamwambia mlinzi. Akanipitisha.

Sikuwa nimewahi kufika uwanja ule. Kamba zimepita huku na huku, na mashuka yameanikwa safu kwa safu, ukiingia katikati unapotea. Kila upande ni weupe unaopumua, unaokugusa shavu kwa ubaridi na kukuacha. Harufu ni ileile ya mto wa nyumbani. Nilimfuata kwa vivuli, nikamkuta anamalizia safu, vibanio viwili mdomoni.

"Mbona wewe huku?" akauliza, bila kuvitoa.

"Chakula chako."

"Umefunga saluni kwa ajili ya chakula?"

Nikaangalia juu. Mimi! Nikaangalia mawingu.

Ndipo kengele ikalia.

Ilianza vizuri, kama kengele zote. Watoto wakasikika wakikimbia nyuma ya ukuta. Ilipofika pale ambapo kengele huacha, haikuacha. Ikaendelea. Ikapanda, ikateremka, ikavuta pumzi, ikakumbuka jambo jingine, ikarudi. Ilikuwa inasimulia. Ilikuwa na habari za wiki nzima na ilitaka kuzimaliza zote kabla ya kukatizwa.

"Nani huyo leo?" mdogo wangu akaanza. "Anapiga kama…"

Vibanio vikamdondoka, kimoja kimoja, kwenye majani. Akasimama na ncha ya shuka mkononi, akisikiliza, kichwa kimeinama upande mmoja kama anavyoinamisha binti yake.

"Usiniambie," akasema.

"Sijasema kitu!" nikasema, na safari hii hata mbele ya hakimu ningeapa.

Hakuwa ananisikia. Alikuwa ameshika lile shuka kwa mikono miwili. Upepo ulipokuja, badala ya kulibana kwenye kamba, aliliinua juu ya kichwa chake, juu kabisa, akisimama kwa vidole vya miguu, likajaa, likachungulia upande wa pili wa ukuta.

Kule ng'ambo kengele ikakatika ghafla, kama mtu aliyeona. Kisha ikaanza upya.